Dawa Zitokazo kwa Hayawani, na Siku Zilizoliwa na Uvumi

Tangu zama binadamu alipoanza kutafuta ponyo la maradhi yake, hakuacha kuwatazama wanyama. Aliwatazama kwa njaa, akawatazama kwa hofu, na mara kwa mara akawatazama kwa kutaka elimu, akijiuliza ni siri gani Mola aliyoiweka katika sumu ya nyoka, au katika damu ya farasi, au katika kiwele cha ng'ombe, ambayo yeye mwenye akili hakujaaliwa kuwa nayo. Kutokana na kuuliza huko imezaliwa fani kubwa ya zama zetu, uhandisi wa tiba unaochota hekima yake katika maumbile ya hayawani, fani ambayo wengi huidhania kuwa ni jambo la maabara za Ulaya na Marekani peke yake, ilhali mojawapo ya mitihani yake mikubwa kabisa haikufanyika London wala Boston, bali ilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, baina ya Novemba 2018 na Agosti 2019. Na huko huko, katika miezi hiyo hiyo, ulikuwa ukifanyika mtihani mwingine usiokuwa na msimamizi wala karatasi: mtihani wa kujua mtu mwenye homa mwilini na simu mkononi humsadiki nani.

Mitihani hiyo miwili aghalabu husimuliwa mbalimbali. Matabibu husimulia wa kwanza, na wachunguzi wa mambo ya jamii husimulia wa pili. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba kwa hakika ulikuwa mtihani mmoja, kwani dawa iliyotoka kwa panya ilimfaa mgonjwa kwa kadiri alivyoifikia mapema, na mgonjwa aliifikia mapema kwa kadiri alivyoisadiki habari aliyopewa.

MARADHI YALIYOWAKUTA WATU NA DONDA LAO

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, mji mdogo ulioko magharibi ya Beni, na hiyo ilikuwa mara ya kumi kwa nchi hiyo kufikwa na maradhi hayo tangu yalipotambuliwa Yambuku mwaka 1976. Mpaka mlipuko ule ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikuwa wamefariki dunia, hesabu ambayo haikupata kupitwa ila na ile ya Afrika ya Magharibi ya miaka ya 2014 hadi 2016.

Lakini maradhi hayo hayakuingia katika nchi iliyotulia. Viunga vya Beni vilikuwa vimeonja mauaji tangu Oktoba 2014, watu wakikatwa kwa mapanga mashambani na majumbani mwao, na wengi wa wakazi wake walikuwa wamekwisha kukimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Na Butembo, mji wa vilima na hewa ya baridi, uliojengwa kwa jasho la wafanyabiashara wa kabila la Wanande waletao bidhaa kutoka Dubai na Uchina, ulikuwa umezoea kwa muda mrefu kujitegemea na kutotaraji mengi kutoka Kinshasa. Basi ilipotokea ghafula misafara ya magari ya wageni ikawa inapanda na kushuka barabarani, na fedha zikamiminika, na nyumba zikakodiwa kwa bei zisizojulikana hapo kabla, watu waliuliza swali ambalo hapana mwadilifu awezaye kuliita la kijinga: tulipokuwa tukichinjwa, mlikuwa wapi? Wakaipa shughuli nzima ile ya kupambana na maradhi, ambayo wenyewe huiita kwa Kifaransa riposte, lakabu ya biashara ya Ebola.

Kisha tarehe 26 Disemba 2018, zikiwa zimesalia siku nne tu kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ikaiahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja maradhi na ukosefu wa amani. Na kwa kuwa rais mpya aliapishwa Januari, kura za watu wa miji hiyo hazikuwa na uzito wowote katika kumchagua. Tangu hapo yule aliyekuwa akinong'ona kwamba Ebola ni hila ya kisiasa hakuhitaji tena kunong'ona, kwa sababu alikuwa na tarehe ya kuonyesha.

Uvumi, kwa hivyo, haukuzaliwa na ujinga. Ulizaliwa na maswali ya haki yaliyokosa majibu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nao watu wa Kivu walikuwa wameona mengi yakisemwa na kisha yakaja. Wachunguzi waliowauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo katika mwezi wa Septemba 2018, wakachapisha matokeo yao mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, walikuta kwamba robo nzima ya watu hao, yaani asilimia 25.5, hawakuamini kwamba Ebola ipo, na kwamba walioamini kuwa viongozi wa mahali hapo wanayatetea maslahi yao walikuwa chini kidogo ya thuluthi, asilimia 31.9. Tena walikuta kwamba kutoaminiana na kusadiki habari potofu kulikwenda sambamba na kuikataa chanjo.

Na njia za habari hizo zilikuwa nyingi. Palikuwa na redio, ambazo bado zina heshima kubwa katika nchi ile. Palikuwa na mimbari za makanisa. Palikuwa na soko. Na juu ya yote palikuwa na simu, ambayo kijana huitilia mega za bei ndogo apate kupokea sauti zilizorekodiwa na watu asiowajua. Sauti ya namna hiyo hutoka kwa mtu asiyejulikana, ikamfikia shemeji, na shemeji akampelekea jirani, na jirani akaitia katika kundi la WhatsApp la watu wa ukoo, hata ikimfikia yule mwenye mgonjwa ndani huwa si habari tena ya mtu asiyejulikana, bali ni habari ya shemeji na jirani na ukoo. Na nani atamkadhibisha shemeji yake kwa ajili ya mgeni aliyeshuka jana katika gari? Hasira zilipopanda, vituo vya matibabu vilishambuliwa, cha Katwa tarehe 24 Februari 2019 na cha Butembo siku tatu baadaye. Na tarehe 19 Aprili mwaka huo huo Dokta Richard Mouzoko, tabibu kutoka Kameruni aliyekuwa akitumikia Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo.

NG'OMBE, FARASI NA PANYA

Sasa tuigeukie dawa yenyewe, kwani hapana budi msomaji aijue asili yake kama ilivyo.

Mwaka 1796, huko Uingereza, tabibu Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka katika mkono wa mkamuaji maziwa, akamchanja nao mtoto mmoja, na mtoto yule akawa hapatwi tena na ndui ya watu. Na kutokana na ng'ombe yule ulimwengu ulifika mwaka 1980 hadi kutangaza kwamba ndui imetoweka katika uso wa dunia. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walidhihirisha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya maradhi huweza kumkinga mwingine, na punde farasi wakawa watumishi wa hospitali, wakitoa damu ambayo maji yake yaliokoa watoto wa maradhi ya dondakoo, na ambayo mpaka leo ndiyo asili ya dawa nyingi za kuumwa na nyoka. Kisha mwaka 1975, katika mji wa Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walitoa chembe katika wengu la panya aliyezoeshwa kitu kigeni, chembe zinazojua kutengeneza kingamwili lakini hufa upesi, wakaziunganisha na chembe za saratani zisizokufa, na kiumbe kilichopatikana kikawa na elimu ya mzazi wa kwanza na umri wa mzazi wa pili: kinaishi bila ya kikomo, nacho hutengeneza kingamwili ya aina moja tu, safi, kwa kadiri itakiwayo. Kazi hiyo iliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Hii ndiyo silsila ambayo dawa za Beni na Butembo ni wajukuu zake.

Chanjo iliyotumika huko, na ambayo siku hizi huitwa Ervebo, imejengwa juu ya virusi vya mifugo, vinavyowapata ng'ombe, farasi na nguruwe wa bara la Amerika na kuwatoa vidonda vya mdomo na kwato, na ambavyo kwa nadra humsumbua mtu. Wataalamu wa maabara ya taifa ya Kanada, mjini Winnipeg, walikiondoa kinasaba cha vazi la nje la kirusi hicho, wakatia mahali pake kinasaba cha vazi la Ebola, hivi kwamba mwili unaopewa chanjo humwona adui kwa sura yake bila ya kukutana na adui mwenyewe. Waswahili tumezoea kutahadharishwa na chui aliyevaa ngozi ya kondoo. Hapa mhandisi amefanya kinyume chake, amemvika kondoo ngozi ya chui, ili kundi zima lijifunze kumtambua chui kabla hajafika. Na kwa kuwa kondoo huyo huharibika asipohifadhiwa katika baridi kali, chanjo hiyo ilibidi kuwekwa katika nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, ikasafirishwa katika vyombo maalumu hadi vijijini ambako hata taa ya umeme haijulikani. Tangu ilipoanza kutolewa Mangina tarehe 8 Agosti 2018, waliipokea watu zaidi ya 300,000, kwanza wale waliomgusa mgonjwa, na kisha wale waliowagusa hao.

Amma dawa za kumtibu aliyekwisha kuugua, zilikuwa nne, na zililinganishwa katika jaribio lililopewa jina zuri la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, lililoendeshwa na taasisi ya taifa ya utafiti ya Kongo, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi za afya za Marekani. Moja, remdesivir, ilikuwa dawa ya kemia. Ya pili, ZMapp, ilikuwa mchanganyiko wa kingamwili tatu zilizotokana na panya, zikatiwa sehemu za kibinadamu ili mwili wa mgonjwa usizikatae, na kukuzwa katika majani ya aina ya tumbaku. Ya tatu, iliyoitwa REGN-EB3, ilitoka kwa panya waliobadilishwa tangu kuzaliwa, ambao vinasaba vyao vya kinga vimeondolewa na kutiwa vya binadamu, hivi kwamba panya akionyeshwa vazi la Ebola hutoa kingamwili kama ambayo angeitoa mtu. Ya nne, mAb114, asili yake ni mtu, tena Mkongo: mmoja wa walionusurika na Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, ambaye damu yake ilichukuliwa miaka kumi na moja baadaye na kukutwa bado inamkumbuka adui.

Habari ya Kikwit inastahili kusimamishwa kidogo. Katika mlipuko ule Profesa Muyembe na wenzake, wakiwa hawana dawa yoyote, waliwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba kati yao wakaishi. Wengi ulimwenguni hawakulitilia maanani jambo hilo, wakisema wagonjwa wanane ni wachache mno kuwa hoja. Lakini fikra iliyokuwamo ndani yake ndiyo iliyozaa mAb114. Na hata kingamwili hiyo iliyotoka kwa mtu haikuweza kuwa dawa bila ya hayawani, kwani yenyewe na ile ya REGN-EB3 hukuzwa kwa wingi ndani ya chembe zilizochukuliwa zamani, katika miaka ya 1950, kutoka kwa panya mdogo wa Uchina aitwaye hamsta, na kabla ya kuguswa mtu ilijaribiwa kwanza kwa kima.

SIKU MOJA ILIKUWA NA UZITO GANI

Jaribio lilianza tarehe 20 Novemba 2018, likawapokea wagonjwa 681, na tarehe 9 Agosti 2019 likasimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu njema, kwamba tofauti ilikwisha kuwa dhahiri shahiri na haikuwa halali tena kumnyima mtu dawa iliyo bora. Katika siku 28, waliopewa remdesivir walifariki asilimia 53.1, waliopewa ZMapp asilimia 49.7, waliopewa mAb114 asilimia 35.1, na waliopewa REGN-EB3 asilimia 33.5. Mwaka uliofuata zile mbili za mwisho zikaidhinishwa Marekani, ya panya mwezi wa Oktoba kwa jina la Inmazeb, na ya mtu wa Kikwit mwezi wa Disemba kwa jina la Ebanga, zikawa dawa za kwanza kabisa za Ebola kupata idhini ya namna hiyo.

Hizo ndizo tarakimu ambazo magazeti ya dunia yalizitangaza. Lakini ziko nyingine katika ripoti hiyo hiyo ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zilizopasa kubandikwa katika kila zahanati na kila kanisa la Kivu. Kwa wagonjwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, waliofariki baada ya kupewa mojawapo ya dawa mbili zilizoshinda walikuwa kama kumi au kumi na mmoja katika kila mia. Na kwa wale waliofika virusi vimekwisha kuujaza mwili, walifariki zaidi ya sitini katika kila mia, kwa dawa zile zile, katika vituo vile vile. Tena kwa kila siku moja iliyopita baina ya kuanza kuumwa na kuingia katika matibabu, mizani iliyo baina ya kufa na kupona ilielemea upande wa kufa kwa asilimia 11 zaidi.

Tulitafakari jambo hilo, kwani humo ndimo mitihani yetu miwili inamokutana. Mtu huamka na homa, naye hajui kama ni malaria au ni kitu kingine, maana mwanzo wa maradhi haya mawili hufanana sana. Huuliza nyumbani, hufungua simu, hukuta sauti inayosema kwamba wanaoingia katika kile kituo hawatoki hai, na kwa kweli huwajua watu walioingia na wasitoke. Huamua kungoja kesho. Kesho yake hununua vidonge katika duka la dawa. Siku ya tatu huenda kwa mganga wa mtaani. Siku ya tano huchukuliwa juu ya pikipiki, amedhoofu, na siku ya saba hufa kituoni. Na kifo chake huwa ushahidi mpya wa ile sauti ya simuni. Uvumi uliomchelewesha ndio uliomwua, kisha ukamchukua maiti wake kuwa shahidi wake. Hapana panya wala hamsta aliyeweza kumrudishia siku zake.

Nao hawa waliochelewa hawakuwa watu wasiotaka kujua. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza jambo hili Beni mwaka 2019, lilikuta kwamba watu hawakutosheka na amri fupi za kunawa mikono na kutogusa maiti. Walitaka maelezo ya kina, ya sababu na namna, kwa lugha waifahamuyo. Walitaka kujua chanjo imetengenezwa na nini. Na jibu lilikuwapo, nalo halikuwa na aibu yoyote ndani yake: imetengenezwa kwa virusi vya ng'ombe, kwa njia hii na hii, na haiwezi kukupa Ebola kwa sababu hii na hii. Lakini palipokuwa na mabango yenye picha ya mikono na sabuni, aliyejibu swali lile kwa urefu na kwa kujiamini alikuwa mzushi, na asiyekuwa na majibu mengine huchukua lililopo.

KILICHOONEKANA KWA MACHO

Hata hivyo yako mambo yaliyofanywa vizuri, na yafaa kusimuliwa kwa kuwa yanaonyesha njia. Beni, katika mwaka ule wa 2018, shirika la tiba la ALIMA lilisimamisha vyumba vya plastiki ing'aayo kama kioo, kila kimoja kwa mgonjwa mmoja, ambavyo kuta zake zimetiwa mikono mirefu ya mpira iliyoelekea ndani. Muuguzi husimama nje, akiwa na nguo zake za kazi za kila siku, huitia mikono yake katika ile ya mpira, akampima mgonjwa mapigo ya moyo, akamrekebishia sindano ya maji, akamnywesha. Wala halazimiki kuvaa lile joho zito la kujikinga ambalo humchosha mtu kwa joto upesi na kumfanya aonekane mbele ya mgonjwa kama kiumbe kisichokuwa na uso. Na jamaa wa mgonjwa huja wakasimama upande wa pili wa ukuta ule, wakamwona ndugu yao, wakaona anachopewa na nani ampaye, wakazungumza naye. Mwenye macho haambiwi tazama. Aliyemwona mama yake akinyweshwa uji hahitaji kukanushiwa uvumi kwamba wagonjwa huibiwa viungo vyao vituoni.

Kadhalika, watoto waliozaliwa na akina mama wagonjwa, au waliotenganishwa nao kwa ajili ya uangalizi, walilelewa karibu na vituo vya Beni na Butembo na wanawake waliokwisha kupona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga na kwa hivyo waliweza kuwabeba watoto hao kwa mikono yao. Mwanamke wa mtaa uleule, ajulikanaye kwa jina lake na jina la baba yake, akirudi sokoni akasema kwa Kinande kwamba aliugua, akatibiwa, akapona, na sasa analea, huwa amefanya kwa saa moja kazi ambayo mabango ya mwaka mzima hayakuifanya.

NUSU YA UKWELI IKAAYO SIMUNI

Ebola ya Kivu imepita, lakini simu zimezidi, na watu wanaotafuta tiba ndani yake wamezidi. Wala si vibaya kutafuta. Kuuliza si ujinga. Ila elimu hii ya tiba itokayo kwa wanyama ina khatari yake maalumu, kwamba nusu yake hupendeza kusimulia kuliko nzima yake.

Chukua mfano wa nyoka. Ni kweli kwamba captopril, dawa ya shinikizo la damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, asili yake ni uchunguzi wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazil. Lakini kidonge kile hakina sumu ndani yake, bali wanakemia waliitazama namna sumu ilivyofanya kazi wakaunda kitu chao kipya. Aichukuaye nusu ya kwanza ya habari hiyo, akaiacha ya pili, ataishia kununua nyama au nyongo ya nyoka sokoni na kuacha vidonge vyake. Ni kweli pia kwamba mwaka 2012 wataalamu wa Boston waliuchunguza mwiba wa nungu wa Amerika, wakaona kwamba vijino vilivyo nchani mwake huufanya uingie kwa wepesi na utoke kwa taabu, wakauiga ili kuunda sindano na viungio vya vidonda. Na kwamba mwaka 2017 wenzao wa Harvard waliunda gundi inayoshika hata juu ya nyama yenye majimaji, kwa kuuiga ute wa koa. Lakini hapana katika hayo ruhusa ya mtu kupaka koa juu ya jeraha. Na kwa upande wa pili, lile jiwe jeusi la mfupa wa ng'ombe uliochomwa, ambalo watu wengi wa Kongo huliweka juu ya mahali palipoumwa na nyoka, nalo limetoka kwa mnyama, tena lina sifa ya miaka mingi, ila lilipojaribiwa halikuonekana kuiondoa sumu mwilini; na wakati linapongojewa kunasa, mguu huzidi kuvimba.

Basi asili ya dawa si hoja ya kuikubali wala ya kuikataa. Hoja ni kama imejaribiwa, kwa nani, na wangapi. Nani asiyekumbuka sifa ilizomwagiwa ZMapp mwaka 2014, ilipotangazwa kwamba kima 18 walioambukizwa Ebola na kutibiwa nayo walipona wote, bila hata mmoja kufa? Habari ile ilikuwa ya kweli tupu. Lakini ilikuwa habari ya kima. Na ilipofika kwa watu wa Beni na Butembo, karibu nusu ya waliopewa walifariki, na ikashindwa na dawa ambazo hazikuwa na jina kubwa kama lake. Kila usomapo simuni mwako kwamba tiba ya maradhi fulani imepatikana, msomaji, tafuta kwanza kama aliyepona ni chembe katika gilasi, au ni panya, au ni kima, au ni mtu; na kama ni mtu, tafuta walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani. Halafu tafuta aliyesema ni nani, na kama habari ikigeuka kuwa ya uongo atapatikana wapi. Sauti isiyokuwa na jina haina wa kuwajibika kwa kifo chako.

Wito wangu kwa matabibu na wakuu wa afya ni kwamba wasiwaone watu kuwa wadogo kuliko ukweli. Waelezeni chanjo imetoka wapi, ng'ombe na panya na hamsta wote kwa majina yao, kwa Kinande na kwa Kiswahili cha nyumbani, kabla hawajaelezwa na mwingine. Kwa maana jambo lile lile likisemwa mapema na daktari huwa ni elimu, na likifichuliwa baadaye na mzushi huwa ni siri iliyogunduliwa. Maradhi yalirudi Butembo Februari 2021, yakawapata watu 12 na kuwaua sita. Yakarudi Beni Oktoba mwaka huo huo, yakawapata 11 na kuwaua tisa, baadhi yao kabla hata hayajatambuliwa kuwa ni Ebola, ingawa dawa mbili zilizoshinda zilikuwa zimekwisha kupata idhini. Dawa iliyomo ghalani haimtibu mtu aliyemo nyumbani.

Na kwako wewe msomaji, ambaye huenda usiku huu una mgonjwa ndani na simu mkononi, nasaha yangu ni moja. Soma upendavyo, uliza upendavyo, hata umshuku daktari ukitaka, kwani shaka ni haki yako. Lakini habari yoyote inayokuambia ungoje, ufiche, au umweke mgonjwa nyumbani mpaka kesho, iwe imetoka kwa mgeni au kwa shemeji, usiifuate. Mpeleke mgonjwa kwanza, na maswali yako uyaulize ukiwa hapo hospitali.